Gitaa la Tharsisi Lililokataa Vanishi

Mwaka ule wa mvua za Elinino, kila asubuhi, Tharsisi Nduwayezu alisimama nje ya mlango wa sebule yake mwenyewe na kukohoa. Hakuwa na ugonjwa wa kifua. Alikohoa mara moja, kwa adabu, kisha akasubiri na mswaki mkononi mpaka asikie mlango wa nyuma ukilia na mama mkwe wake akitoka kwenda uani. Hapo ndipo alipoingia. Hakunawa uso kwanza wala hakuuliza chai. Alikwenda moja kwa moja kwenye gitaa lililoning'inia kwenye boriti, akaligonga tumboni kwa kifundo cha kidole cha kati, akainamisha sikio. Halafu alipitisha kidole gumba ubavuni mwake, akakitazama kile kidole, akasonya.

Mimi nilikuwa nimepanga chumba cha uani kwake, hapo Kasulu, nikifundisha sekondari. Dirisha langu lilitazamana na dirisha la sebule, na siku nyingi msonyo ule ndio ulioniamsha.

Tharsisi alikuwa fundi baiskeli, na kibanda chake kilikuwa karibu na soko. Alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa kijana, akakaa kwanza Munanila akifanya vibarua vya kulima, na huko ndiko alikompata Niyonsaba, mkewe, binti wa Waha wa pale pale. Baba wa binti hakumtaka mkwe asiye na shamba wala ndugu wa kumsemea. Wakaoana hata hivyo. Wakahamia Kasulu, wakajenga nyumba ya tofali za kuchoma yenye chumba chao, sebule na kile chumba cha uani, Tharsisi akapata uraia, wakamzaa Irakoze, ambaye wakati ule alikuwa shule ya bweni. Mtaani aliitwa Baba Irakoze. Kanisani aliitwa Tharsisi wa gitaa, na nadhani jina hilo ndilo alilolipenda zaidi, maana ukimwita hivyo aligeuka haraka.

Gitaa lenyewe lilikuwa mali ya kwaya. Lilikuwa la umeme, lakini si lile la ubao mtupu. Lilikuwa na tumbo lenye uwazi ndani, na usoni matundu mawili membamba yaliyopinda kama herufi S. Kwaya ililinunua kwa mpiga muziki mmoja wa Kongo aliyekuwa kambi ya wakimbizi. Tharsisi alipenda kumwiga yule mtu alivyoligeuzageuza gitaa juani siku ya kuuza, akisema, "Papa, hii gitare haiko malade. Iko tu fatige," yaani si gonjwa, limechoka tu. Kwa sababu ya lile tumbo, gitaa lilisikika hata betri ya gari iliyoendesha spika ilipokufa katikati ya wimbo, jambo lililotokea karibu kila Jumapili. Waimbaji walipokuwa wakitazamana kwa hofu, Tharsisi alipiga kwa nguvu zaidi na wimbo ukafika mwisho.

Liliumia mwanzoni mwa mvua. Kwaya ilikuwa inarudi kutoka Kibondo juu ya lori la mahindi, lori likanasa kwenye tope, wanaume wote wakashuka kusukuma. Tharsisi aliliacha gitaa juu ya magunia likiwa limeviringishwa kwenye khanga ya mkewe. Lori lilipochomoka kwa kishindo, gunia moja likaporomoka na kulikalia. Uso ulipasuka kutoka kwenye tundu moja hadi ukingoni, na mgongo ukaachana na ubavu, ukabaki unapwaya kama soli ya kiatu.

Mwenyekiti wa kwaya, Mzee Hatungimana, hakumlaumu. Alisema tu kwamba Mungu amewaletea Pasikali kwa wakati wake. Pasikali alikuwa kijana aliyehamia kutoka Kigoma mjini na kinanda chake chenye ngoma, filimbi na tarumbeta ndani, vyote vikisubiri kubonyezwa. Betri ya kwaya ilikuwa moja na haikuweza kubeba vyombo viwili. Kwa hiyo kikao kiliamua hivi: mwisho wa mvua kutakuwa na mashindano ya kwaya Kibondo. Gitaa likiwa limepona na linafaa kusimama mbele ya watu, litakwenda gitaa. Lisipofaa, kitakwenda kinanda, na kuanzia hapo kwaya itakuwa ya kinanda. Tharsisi alijibu kwamba atalitengeneza mwenyewe, nyumbani.

Nilimwona akianza kazi ile akiwa na furaha. Aliibandua sehemu ya mgongo iliyokuwa bado imeshika, kwa kisu kilichopashwa moto kwenye jiko la mkaa, polepole, huku Niyonsaba akimwuliza kama anachuna mbuzi. Aliingiza mkono tumboni na kugandisha vipande vidogo vya mbao chini ya ule ufa, ili uso usipasuke zaidi. Halafu alirudisha mgongo kwa gundi ya mbao, na kwa kuwa hakuwa na vibano vya seremala, alikata mipira ya ndani ya baiskeli kuwa mikanda mirefu, akalizungushia gitaa zima akivuta kila mzunguko kwa meno. Likawa linafanana na mgonjwa aliyefungwa bendeji mwili mzima. Alipoifungua, mshono ulikuwa umekaza kiasi kwamba ukucha haukuingia. Jioni ile alikuja mpaka mlangoni pangu, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akaniambia, "Mwalimu, gonga hapa." Nikagonga. Akacheka peke yake, akaondoka nalo.

Rangi ya zamani ilikuwa ya asali iliyokolea, nyeusi kidogo kwenye kingo, lakini gundi na ufa vilikuwa vimeiharibu. Akaamua kuiondoa yote kwa msasa na kupaka vanishi upya. Alisugua siku kadhaa barazani, mikono na nywele zikijaa vumbi la kahawia. Karibu na shingo alisugua kupita kiasi, akagundua kwamba ule uso haukuwa ubao mmoja ila tabaka nyembamba zilizobandikwa pamoja kama biskuti, na kwamba ya juu ilikuwa imekwisha. Hapo ndipo nilipomsikia akisonya kwa mara ya kwanza. Aliacha kusugua. Gitaa likabaki jeupe, limevuliwa, na yeye akaenda dukani kwa Abbasi kununua kopo la vanishi.

Ni katika juma hilo nyumba ya mama mkwe wake ilipoanguka kule Munanila. Ukuta wa nyuma ulilowa mpaka ukakaa chini, na paa likaufuata. Mzee wake alikuwa amekwisha kufariki, na watoto wengine walikuwa mbali. Niyonsaba alikwenda kumchukua, akarudi naye na mizigo miwili: furushi la nguo, na kibuyu cha samli ya siku nyingi ambacho Bibi alikibeba mwenyewe kifuani njia yote. Hakuwahi kukanyaga nyumba ile ya Kasulu hata mara moja tangu ijengwe.

Alipewa sebule. Chumba cha wenye nyumba kilikuwa kinavuja juu ya kitanda, na jikoni kulikuwa na moshi. Na gitaa nalo lilikuwa sebuleni, kwa sababu hizo hizo. Lilihitaji mahali pakavu pasipo na masizi wala vumbi, na nyumba nzima haikuwa na mahali pengine kama hapo.

Warundi na Waha hawatofautiani sana katika jambo la ukwe. Mwanamume hamzoei mama mkwe wake, ambaye wao humwita *mabukwe*. Hamtaji jina, hali mbele yake, hakai kwenye mkeka wake, na mahali anapolala hapaingii. Bibi alikuwa mtu wa kulala mapema, pamoja na kuku. Kwa hiyo saa ambazo mtu aliyetoka kazini angekaa na kazi yake ya mkono, Tharsisi alikaa barazani akiutazama mlango uliofungwa, na kazi yake ikiwa ndani. Alibaki na ile nafasi ya asubuhi tu, baada ya kukohoa na kabla ya kwenda kibandani.

Alipaka vanishi asubuhi moja, upesi upesi, akalining'iniza. Kesho yake kidole gumba kilitoka na vanishi. Siku iliyofuata, vilevile. Sote tulisema ni mvua. Nguo zilikuwa zinakaa kwenye kamba mpaka zinatoa harufu, chumvi ilikuwa imegeuka maji kwenye bakuli, na daftari za wanafunzi wangu zilikuwa zimevimba. Tharsisi akasubiri. Baada ya juma moja vanishi ilikuwa bado inanata, na mahali pengine ilikuwa imejikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Akaikwangua yote.

Akarudi kwa Abbasi. Nilikuwepo siku hiyo, nimekwenda kununua mafuta ya taa, na ningekuwa mtu wa kuingilia maneno ya watu ningewaachanisha. Abbasi alikuwa na asili ya Ujiji na ndugu zake walikuwa mpaka Bagamoyo. Alikuwa na tabia ya kujibu kila mteja akiwa anatafuta kitu kingine chini ya kaunta.

"Abbasi, umechanganya nini humu?" Tharsisi aliuliza, akiweka kopo juu ya kaunta.

"Vanishi na vanishi."

"Haikauki."

"Kwa mvua hii hata mimi sikauki, ndugu yangu."

Watu wakacheka, Tharsisi hakucheka. Alisema kopo lina mafuta ya taa. Abbasi akainuka kutoka chini ya kaunta, polepole, akasema vanishi ya kopo kama hilo ndiyo iliyopaka milango ya nyumba yake mwenyewe, na kama Tharsisi hamwamini aje aulambe mlango. Akampa kopo jingine, jipya, akalifungua mbele yake. Lakini akaongeza kwamba baiskeli ya duka, ile ya kubebea mizigo, ataipeleka kwa fundi mwingine, kwa sababu hawezi kumwachia breki zake mtu anayemwona mwizi.

Kopo la pili lilifanya vibaya kuliko la kwanza. Vanishi haikutandaa kabisa. Ilijikusanya vidonge vidogo vidogo juu ya mbao, kama maji juu ya jani la magimbi, na kati ya kidonge na kidonge mbao ikabaki kavu. Tharsisi alisimama katikati ya sebule na brashi mkononi. Kutoka dirishani nilimwona akijaribu kuvipangusa vile vidonge virudi kuwa kitu kimoja, na vikijitenga tena kila brashi ilipopita. Kisha alimgombeza mkewe kwamba ameliweka sufuria la mchuzi karibu na gitaa. Niyonsaba akamjibu kwamba hajapika mchuzi tangu Jumapili na kwamba anaweza kumwuliza mpangaji. Nikaondoka dirishani.

Siku zile hakuwa mtu wa kukaa naye. Kibandani alimfukuza mteja aliyetania kuhusu kinanda. Mazoezi ya kwaya aliyahudhuria akiwa amesimama nyuma mikono imefungwa, akimsikiliza Pasikali akibonyeza tarumbeta, na akirudi alisema maneno ambayo sidhani aliyatoa kanisani. Alipima unyevu wa hewa kwa pua. Alilitoa gitaa nje jua lilipochomoza kidogo, akalirudisha mbio wingu lilipokuja. Mvua, Abbasi, brashi, msasa, Mkongomani aliyewauzia, vyote vilipata sehemu yao ya lawama.

Halafu siku moja mchana alirudi kuchukua spana aliyoisahau. Mimi sikuwa na kipindi, nilikuwa nimekaa dirishani nasahihisha. Alipita uani kwa sababu mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa mvua, na alipofika usawa wa dirisha la sebule akasimama.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, miguu ameinyoosha mbele, gitaa liko mapajani. Pembeni yake kulikuwa na kile kibuyu cha samli, kimefunguliwa. Alikuwa anachota kidogo kwa vidole viwili, anakisugua kati ya viganja mpaka kiyeyuke, kisha analipaka gitaa ubavuni, taratibu, kwa kiganja kizima, akifuata mkunjo wa mbao. Ndivyo wanavyofanya kwa vyombo vya mti vya kukamulia maziwa ili visipasuke. Hakuna mwanamke wa kwao anayeweza kukiona chombo kimechunwa, cheupe, kimeachwa juu hakina mafuta, akapita tu. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, kwa Kiha. Harufu ya samli ilinifikia mpaka chumbani.

Tharsisi alitazama kwa muda. Akageuka, akaniona, akatikisa kichwa mara moja. Sikujua ananikataza nini, lakini nilinyamaza. Akaondoka bila spana.

Nilidhani jioni hiyo mambo yatakwisha. Nilimsubiri amwambie mkewe, mkewe amwambie mama yake, kibuyu kirudi mahali pake, na gitaa lipate siku chache za kukauka. Hakusema neno. Asubuhi alikohoa kama kawaida, akaingia, akatoa gitaa barazani, akaliosha kwa petroli aliyokuja nayo kutoka kibandani, akalisugua kwa kitambaa mpaka mikono ikawa myeupe, akalirudisha kwenye boriti, akaenda kazini. Mchana Bibi akalishusha, akaona limekauka tena, akaguna kwa huruma, akachota samli.

Hili liliendelea. Sijawahi kuona watu wawili wakifanya kazi kwa bidii namna ile juu ya kitu kimoja, kila mmoja akiondoa alichofanya mwenzake. Petroli ilitoa mafuta ya juu tu. Yale yaliyokwisha kuingia ndani, katika zile tabaka, yalitoka tena taratibu kama jasho.

Niyonsaba hakuwa mjinga. Alipolishika gitaa akifagia, mkono ulimteleza. Nilikuwa nao jikoni nikiazima moto wa mkaa alipomwambia mumewe kwamba sasa anajua mchuzi ulitoka wapi.

"Nitamwambia mimi," alisema. "Ni mama yangu, hawezi kunikasirikia."

"Usimwambie."

"Basi lihamishe."

"Nilihamishie wapi, kwenye chungu?"

"Tharsisi, mashindano yamekaribia."

"Nimekwambia usimwambie. Najua yamekaribia. Unadhani sijui?"

Alipaza sauti, kisha akaishusha mara moja, akatazama upande wa sebule. Niyonsaba akageukia maharage yake na kuyakoroga kwa nguvu isiyohitajika. Mimi nikachukua kaa langu nikatoka.

Kweli alijaribu kulihamisha. Alilipeleka kibandani. Usiku uleule liliokota vumbi la barabara na unga wa chuma, vyote vikanata kwenye samli, likawa na manyoya. Na nyumbani Bibi alipoona boriti iko tupu aliingiwa na fadhaa. Alimwuliza binti yake kile kitu kimepelekwa wapi, na kama amekaa mahali pa mtu. Chakula cha jioni alikirudisha kama kilivyoletwa. Asubuhi Tharsisi alilirudisha gitaa kwenye boriti, akiwa ameliosha vumbi tu.

Kwa Abbasi pia alirudi, kwa namna yake. Aliichukua ile baiskeli ya mizigo iliyokuwa imeegemezwa nje ya duka, akakaa chini hapo hapo, akafunga breki upya, akazungusha gurudumu kuonyesha kwamba haligusi. Abbasi alitoka akasimama mlangoni.

"Kumbe ile vanishi ilikuwa na nini?" akauliza.

"Vanishi ilikuwa nzima. Mbao ilikuwa na mafuta."

"Mafuta ya nini?"

"Ya mbao," Tharsisi akajibu, akakusanya spana zake.

Kikao cha kukagua kiliitwa Jumapili moja baada ya ibada. Juma lile aliacha petroli na msasa, akashughulikia nyaya. Gitaa la namna ile halina mlango. Sumaku mbili zinazopokea sauti ya nyuzi hukaa usoni, lakini swichi za kuongeza na kupunguza sauti hukaa ndani, na njia ya kuziingiza ni yale matundu membamba peke yake. Alifunga uzi kwenye kila swichi, akaupitisha ndani kwa spoku ya baiskeli iliyopindwa, akautafuta kwenye tundu la upande wa pili, akavuta taratibu. Swichi ilitembea gizani tumboni mle, ikafika karibu na tundu lake, uzi ukachomoka, ikadondoka ndani. Akaligeuza gitaa, akalitikisa, akaanza upya. Uzi haukushika kwa sababu kila kitu kilikuwa na samli, vidole, uzi na swichi yenyewe. Alifanya hivyo asubuhi baada ya asubuhi, akichelewa kazini, na mara moja nilimwona ameweka paji la uso juu ya gitaa, spoku mkononi. Lakini zilikaa zote.

Nilikwenda kanisani siku ile, ingawa si kawaida yangu kubaki baada ya ibada. Gitaa lilikuwa na rangi isiyo na jina, si nyeupe tena, si kahawia, lina mng'ao wa unyevunyevu kama kisogo cha mtoto aliyetoka kupakwa mafuta. Ufa ulionekana. Ile sehemu aliyoisugua kupita kiasi ilionekana. Tharsisi aliunganisha waya, akapiga. Alipiga wimbo mzima, bila spika kwanza, kisha na spika, na sauti ilikuwa safi, nzito kuliko zamani. Hata Pasikali alipiga makofi.

Mzee Hatungimana alisema sauti haina dosari. Kisha akaweka kiganja juu ya gitaa, kama anavyombariki mtoto, na alipokiondoa akakitazama. Akakinusa. Akatoa leso.

"Baba Irakoze, hili gitaa umelikaangia?"

Watu waliangua kicheko. Hatungimana mwenyewe alitabasamu, hakuwa na nia mbaya. Alimwuliza nani amemshauri kupaka samli kwenye chombo cha umeme. Tharsisi alikuwa anakunja waya.

"Ni mimi," akasema. "Nilidhani itasaidia mbao."

Basi hapo ikaisha. Hatungimana alieleza kwa upole kwamba sare mpya za kwaya ni nyeupe, kwamba mpigaji husimama mbele na gitaa huegemea kifuani, kwamba Kibondo kutakuwa na wageni. Kitakwenda kinanda. Tharsisi ana sauti nzuri ya besi, ataimba besi. Kuhusu baadaye hakusema, kwa sababu kikao kilikwisha kusema. Pasikali aliinua ile betri na kuihamishia upande wake.

Nyumbani Bibi alikuwa anasubiri kwenye kizingiti cha nyuma. Alimwuliza binti yake kama kile kitu kimependwa. Niyonsaba alimtazama mumewe, na Tharsisi, akiwa amegeukia ukuta kama adabu inavyotaka, alimwambia mkewe, "Mwambie sauti yake imesifiwa." Bibi akaitikia, akaenda kutafuta kibuyu.

Siku ya safari ya Kibondo mvua ilikuwa imekatika na barabara ilianza kutoa vumbi. Tharsisi hakwenda kuimba besi. Alisema ana baiskeli nyingi. Nilimkuta kibandani nikiwa nimepeleka yangu, ambayo haikuwa na tatizo kubwa. Lori la kwaya lilipita, sare nyeupe zimesongamana juu, wanaimba, na kinanda kikipiga tarumbeta ndani yake. Mtu mmoja alimpungia mkono. Tharsisi alikuwa anafungua nati iliyoshika kutu, na alipokosea spana ikaruka ikamchuna kifundo cha kidole, akatukana kwa Kirundi, akaitupa spana ndani ya kibanda. Kisha akaenda kuiokota.

Nilikuwa nimekaa nyumba moja naye muda mrefu bila kumwuliza kitu chochote kisichohusu maji au ufunguo. Sijui kwa nini nilithubutu siku hiyo.

"Baba Irakoze," nikasema, "kwa nini hukumwambia Bibi aache?"

Alifuta damu ya kidole kwenye suruali.

"Nilitaka kumwambia kila siku," akasema. "Lakini angefunga mzigo wake jioni hiyohiyo arudi Munanila, na kule hana nyumba."